Betri Kubwa Ina Umri Wake

Wanangu mnaotafuta gari la kwanza, na hasa nyinyi mnaotaka kukopa mnunue Aqua au Prius mwingie kwenye teksi za mtandaoni, nisikilizeni kabla hamjatia sahihi. Siwakatazi haibridi. Nataka mjue mnanunua nini, kwa sababu yadini mtaelezwa habari za petroli tu, na matatizo ya gari hili hayako kwenye petroli.

Sifa zake ni za kweli, sitazificha. Toyota ilipoanza kuiuza Prius huko Japani Desemba 1997, ilitoa gari ambalo injini na mota za umeme zinasaidiana, na kila dereva akipunguza mwendo sehemu ya nguvu iliyokuwa ikipotea kwenye breki inarudi betrini kuwa umeme. Ndiyo maana haibridi hufanya vizuri mjini, kwenye foleni za Changamwe na Kongowea hapa Mombasa, mahali ambapo gari la kawaida huchoma mafuta likiwa limesimama. Lipeleke sasa barabara kuu ya Nairobi, uende mwendo mmoja kutoka Mariakani hadi Voi bila kugusa breki. Hapo kazi karibu yote ni ya injini, na ile nafuu kubwa uliyoahidiwa inapungua. Aqua ilipotoka mwishoni mwa 2011 ilitangazwa kwa kilomita 35.4 kwa lita, lakini hiyo ni namba ya kipimo cha maabara huko Japani. Kwetu, na AC na abiria na matuta, anayepata 20 na ashukuru.

Fanyeni hesabu wenyewe. Tuseme gari la kawaida la injini ya 1500 linakwenda kilomita 12 kwa lita, na Aqua inakwenda 20. Mwalimu anayeendesha kilomita 8,000 kwa mwaka ataokoa lita 267 hivi. Dereva wa teksi anayepiga kilomita 40,000 ataokoa zaidi ya lita 1,300. Zidisheni kwa bei ya petroli ya leo, kisha nendeni mkaulize bei ya betri kubwa mpya ya gari hilohilo, pamoja na ujira wa fundi. Huyo mwalimu ataona kwamba akiba yake ya miaka inaweza kuliwa na betri moja. Dereva wa teksi ana nafasi nzuri zaidi, lakini ni yeye huyohuyo anayeichosha betri upesi.

Umri wa gari ndio unaonifanya nisinyamaze. Japani, Toyota hudhamini mfumo wa haibridi kwa miaka 5 au kilomita 100,000, kimoja kikitangulia. Sheria ya Kenya nayo inaruhusu magari yaliyotumika yasiyozidi miaka minane, kiasi kwamba yaliyoruhusiwa kuingia mwaka 2025 ni yale yaliyosajiliwa mara ya kwanza kuanzia 2018. Waagizaji wengi huleta yale yaliyokaribia mwisho wa ruhusa, kwa kuwa ndiyo ya bei nafuu. Kwa hiyo gari linashuka bandari ya Kilindini dhamana ya Japani imeshakwisha zamani, na wewe ndiyo kwanza unaanza kulilipia mkopo. Tanzania haikuweka marufuku kama hiyo, ila huyatoza magari makuukuu ushuru wa ziada, hivyo huko utakuta hata yaliyozeeka zaidi. Simu ya miaka minane, ukiichaji usiku kucha, inafika adhuhuri? Betri ya gari imejengwa imara kuliko ya simu, lakini nayo huchakaa, na hakuna muuzaji atakayekuambia imebakisha nini.

Joto huizeesha haraka. Katika Aqua betri kubwa iko chini ya kiti cha nyuma, katika Prius hadi kizazi cha tatu iko nyuma ya kiti hicho, na zote mbili hupozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari. Hili madereva wengi hawalijui. Dereva anazima AC abane mafuta, madirisha yamefungwa kwa ajili ya vumbi, abiria wanatoka jasho, na feni inaipulizia betri hewa hiyohiyo ya moto. Au anavalisha viti vitambaa vinavyoziba tundu la hewa. Au anarundika mizigo mbele yake. Vumbi, nywele na nyuzi za nguo hujaa kwenye feni, betri ikawa inachemka kila siku mpaka taa ya onyo inawaka kwenye dashibodi, na siku hiyo ndipo mtu anaanza kulilaani gari.

Betri ikifa, hapo ndipo wengi huliwa. Betri ya Prius ya kizazi cha pili na cha tatu ina vipande 28 vilivyounganishwa mfululizo, vya volti 7.2 kila kimoja. Kipande kimoja kikidhoofika, betri nzima inalegea. Fundi atakuambia anaweza kutoa kibovu na kutia kingine kilichotoka kwenye gari la ajali. Anasema kweli, na gari litatembea. Lakini vile 27 vilivyobaki vina umri uleule na vimepigwa na joto lilelile. Baada ya muda kitakufa kingine, utarudi, utalipa tena, na kila safari utapoteza siku ya kazi. Kama huna budi, mtafute fundi anayevipima vipande vyote na kuvilinganisha, akuandikie vipimo vyake.

Kuna ujanja mwingine wa yadini. Betri iliyochoka huacha alama kwenye kompyuta ya gari, na katika Toyota namba inayojulikana sana ni P0A80, maana yake betri ya haibridi inataka kubadilishwa. Mwenye mashine ya kupimia hufuta namba hiyo kwa muda mfupi sana, taa ikazimika, ukazungushwa mitaa miwili mitatu ukaridhika. Namba hurudi gari likitembea vya kutosha. Msikubali majaribio ya kuzunguka yadi. Lipandisheni kilima, AC ikiwa imewashwa na watu ndani, mtazame kipimo cha betri kwenye kioo. Kikijaa ghafla na kushuka ghafla, shukeni mwende zenu.

Wala msidhani ni betri peke yake. Kuna inveta na pampu yake ya maji, kuna mfumo wa breki wa umeme ambao ukiharibika si kazi ya kubadilisha pedi. Prius ya kizazi cha tatu, iliyoanza 2009, inajulikana kwa kuziba njia ya kurudishia moshi na kuunguza gaskiti ya silinda hedi. Haibridi za Honda si mfumo wa Toyota: Fit na Vezel zilizotoka mwaka 2013 zina giaboksi ya klachi mbili, na Honda ililazimika kuyaita magari hayo nyumbani Japani yarekebishwe zaidi ya mara moja. Anayekuambia haibridi zote ni sawa hajazifungua.

Sasa naongea na nyinyi mafundi vijana wa gereji za kando ya barabara, na hapa naongea kwa hofu. Zile nyaya za rangi ya chungwa zinaua. Betri ya Prius ina volti zipatazo 200 za mkondo wa moja kwa moja (DC), na inveta ya kizazi cha tatu huzipandisha hadi 650. Kuzima gari kwa kitufe hakutoshi. Plagi ya usalama lazima itolewe, glavu za mpira za umeme zivaliwe, na mngoje angalau dakika kumi kabla ya kugusa inveta, kwa sababu umeme hubaki umehifadhiwa ndani yake. Hakuna mteja anayestahili mfanye kazi hiyo kwa mikono mitupu. Mkataeni, aende kwa mwenye vifaa.

Na dereva, jua haya machache. Gari hili haliwaki kwa kusukumwa. Likiharibika njiani, lipandishwe juu ya lori, lisikokotwe kwa kamba magurudumu ya mbele yakizunguka, maana yanaizungusha mota nayo inazalisha umeme. Usiitumie betri yake ndogo kuwashia gari la jirani. Ukikosea chanya na hasi unaweza kuunguza vifaa vya bei kubwa kuliko ule wema uliotaka kufanya. Petroli ikiisha usilazimishe kufika kwa umeme. Na usilifungie nyumbani miezi ukiwa safarini, mwachie mtu wa kuliwasha na kulitembeza.

Kwa anayeendesha kilomita chache kwa mwaka, au anayeishi mahali ambapo fundi wa haibridi hapatikani hadi mji mwingine, hukumu yangu ni kwamba gari la kawaida la injini ndogo linamfaa zaidi. Anayeshinda kwenye foleni za mjini anaweza kuchukua haibridi, lakini atenge fedha za betri kila mwezi tangu mwezi wa kwanza, kando na marejesho ya mkopo. Kama fedha hizo hazipatikani, gari hilo bado si lake. Kabla ya kulipa chochote aje na fundi wake na mashine yake, si ya muuzaji, na muuzaji akikataa, aliache hapo hapo. Na nyinyi mliokwisha kununua, tazameni leo tundu la hewa pembeni ya kiti cha nyuma. Likiwa limejaa vumbi, lipelekeni gari wiki hii feni ifunguliwe na kusafishwa.