Kudura na Uzembe

Ardhi ikiporomoka katika milima ya Kisii na Nyamira, watu husema: "Ni kudura ya Mwenyezi Mungu." Kweli, lakini je, kudura humwondolea mja dhima? Tarehe 6 Januari 1928 ardhi ilitetemeka Subukia, katika Bonde la Ufa. Wala hapana mja awezaye kuzuia tetemeko. Lakini mlima uliokatwa miti na kuchimbwa miguuni haungoji tetemeko: mvua peke yake hutosha kuushusha udongo juu ya waliolala. Na tetemeko likija, huukuta umekwisha kulegea. Basi, ndugu msomaji, la Mungu tulipokee kwa subira, na la mikono yetu tulitengeneze. Achimbaye chini ya nyumba ya jirani yake, kisha ikiporomoka akasema "kudura", amemsingizia Mola wake.