Sanaa za Maonyesho na Haki ya Kijana Kiziwi

Utamaduni wa taifa ni mali ya wananchi wote. Kauli hii tumeizoea mno, hata hatuoni haja ya kuihoji. Lakini kila kauli isemayo "wote" haina budi kupimwa kwa yule aliye pembezoni, si kwa yule aliye katikati. Hapa tutaipima kwa kijana kiziwi, na hasa kwa warsha za sanaa za maonyesho zinazoandaliwa kwa ajili ya vijana wa hali hiyo. Swali letu ni hili: je, warsha hizo ni sadaka wanayopewa na jamii, au ni haki yao?

Tuanze na lugha, maana lugha ni kioo cha fikra za watu. Katika Kiswahili, kusikia si kazi ya masikio tu. Kusikia ni kutii na kuwa na adabu. Mtoto mtundu huambiwa kwamba hasikii. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tena wakasema sikio la kufa halisikii dawa. Hekima hizo zina mahali pake, na hatukusudii kuzifuta. Hata hivyo, zimeacha kivuli chao: asiyeweza kusikia hudhaniwa kuwa hana akili au hana adabu. Kiziwi huitwa bubu, na bubu hudhaniwa kuwa hana la kusema. Hapo ndipo kosa la kimaadili linapoanza, yaani kuufanya upungufu wa kiungo kimoja kuwa upungufu wa utu mzima.

Wala kosa hilo halikuwa la wasiosoma peke yao. Mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutana Milan, Italia, nao karibu wote walikuwa watu wanaosikia. Waliazimia kwamba katika ufundishaji matamshi yatangulizwe na ishara ziachwe. Ilichukua miaka 80 hadi William Stokoe, huko Marekani, alipochapisha mwaka 1960 utafiti uliobainisha kwamba lugha ya alama ina muundo wake na kanuni zake kama lugha nyingine yoyote. Nchini Tanzania, shule ya viziwi ilifunguliwa Tabora mwaka 1963, na nyingine Buguruni, Dar es Salaam, mwaka 1974. Shule za namna hiyo zilikuwa na umuhimu kupita masomo yenyewe, kwani aghalabu mtoto kiziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia, wasioijua lugha ya alama. Nyumbani kwao huketi kwenye mkeka mmoja na ndugu zake, akaona midomo ikicheza na watu wakicheka, naye asijue wanachekea nini. Huyo ni mgeni katika nyumba ya baba yake.

Sasa tuitazame sanaa. Kiswahili chenyewe kimeiita sanaa ya maonyesho, yaani sanaa ya kuwaonyesha watu jambo ili walione. Kwa jina hilo tu, kiziwi si mgeni jukwaani. Mkono, uso na mwendo, ambavyo mwigizaji mwingine hujifunza kuvitumia, kwake ni lugha ya kila siku. Hata ngoma haiko mbali naye, maana mshindo wake hupita ardhini na kuingia kwa nyayo. Katika warsha vijana huketi duara ili kila mmoja aione mikono ya mwenzake. Huanza kwa kuigiza mambo madogo: kuteka maji, kupatana bei sokoni, utingo akiita abiria. Kisha hufikia yale mazito: mganga wa zahanati anayezungumza na mama na kumwacha mgonjwa mwenyewe, au kikao cha ukoo kinachoamua ndoa ya binti kiziwi bila kumwuliza.

Watu watafurahia onyesho hilo na kulipigia makofi. Lakini makofi hayatoshi. Katika miaka ya 1982 na 1983, wasanii wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwao Penina Muhando na Amandina Lihamba, walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, mkoani Mwanza. Wanakijiji wenyewe walichambua matatizo yao, wakayatia katika ngoma na maigizo, kisha wakayajadili hadharani. Funzo kubwa la kazi hiyo ni kwamba mchezo haukomi mwigizaji anapotoka jukwaani. Mjadala ni sehemu ya mchezo. Basi na tujiulize: vijana viziwi wanapomaliza kuigiza na mjadala ukaanza, unaendeshwa kwa lugha gani? Ikiwa wazee wanasimama mmoja baada ya mwingine kutoa maoni kwa sauti, na hakuna mkalimani, wenye mchezo wamerudishwa kwenye mkeka uleule wa nyumbani. Wametazamwa, lakini hawakushauriwa.

Yuko atakayesema kwamba nchi yenye upungufu wa madawati na dawa haina fedha za kulipa wakalimani. Hoja hii si ya kupuuzwa. Lakini haki haipimwi kwa wingi wa mali, bali kwa jinsi kidogo kilichopo kinavyogawanywa. Mwingine atasema kwamba warsha za viziwi peke yao zinawatenga na wenzao. Nasi twajibu kwamba mtu huhitaji kwanza mahali pa kuijenga sauti yake kabla ya kuipeleka barazani. Kosa ni kuwaacha humo daima, na kuwaita nje siku ya sherehe tu ili wawapendeze wageni.

Hatua zimekwisha kuanza. Tanzania ilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010, na Katiba ya Kenya ya mwaka huohuo imeifanya Lugha ya Alama ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Lakini sheria haiwezi kumfundisha jirani alama ya "hujambo" na "unaonaje?" Kazi hiyo ni yetu. Kila kikundi kinachoandaa warsha kiwafundishe wazazi na majirani alama chache kabla ya siku ya onyesho, na mwongoza mjadala awe mmoja wa vijana wenyewe. Kijana ameonyesha lililo moyoni mwake mbele ya kijiji kizima. Kijiji kikiondoka bila kulipokea, basi asiyesikia si yeye.