Deni la Aliou Cissé

Tangu Februari 2022 nimeyasikia mno maneno haya: Mungu alimlipa Aliou Cissé. Mwaka 2002 alikosa penalti, Senegal wakalikosa Kombe la Mataifa ya Afrika. Akavuta subira miaka ishirini. Akarudi akiwa kocha, na kombe lile lile likapatikana kwa penalti. Vijana wa baraza letu hapa Mwembetanga, Unguja, ambao baadhi yao niliwasomesha Juzuu Amma, hunitolea kisa hiki kila tukizungumza habari ya kadari. "Umeona, maalim? Mungu si Athumani." Kahawa inamiminwa, kesi imekwisha.

Kwangu haijaisha. Nilishangilia kama wao usiku ule, lakini hesabu yao siikubali.

Tuanze na penalti yenyewe. Ilikuwa Bamako, tarehe 10 Februari 2002, fainali dhidi ya Cameroon, dakika mia na ishirini bila bao. Cissé, nahodha na kiungo mkabaji, mtu wa kuvunja mashambulizi zaidi kuliko kufunga, alikwenda kupiga na kipa Boukar Alioum akaupangua mpira. Wenzake nao walikuwa wamekwishakosa, akiwemo El Hadji Diouf, lakini nani anazikumbuka zao? Anayekosa mwisho ndiye anayebebeshwa zote. Na kama ni malipo, mbona hayakuchelewa? Mei 31 mwaka ule ule, kwenye Kombe la Dunia mjini Seoul, nahodha huyo huyo aliwaongoza wenzake kuwafunga Ufaransa, mabingwa wa dunia, bao moja la Papa Bouba Diop, na Senegal wakafika robo fainali. Wasimulizi wanakiruka kipande hiki kwa sababu kinawaharibia miaka ishirini yao.

Kuna kipande kingine wanachokiruka, nacho ni kizito zaidi.

Septemba 26, 2002, meli ya Le Joola iliondoka Ziguinchor, mji alikozaliwa Cissé, ikielekea Dakar. Usiku, ikiwa nje ya pwani ya Gambia, ikapinduka. Ilitengenezwa kwa watu wasiofika 600. Waliokufa ni zaidi ya 1,800. Waliookolewa ni 64. Jamaa za Cissé zaidi ya kumi walikuwa humo. Yeye alikuwa Uingereza, ndiyo kwanza ameanza msimu na Birmingham City.

Sisi wa visiwani hatuhitaji kuelezwa habari ya meli iliyojazwa kupita kiasi. Septemba 2011, ilipozama Spice Islander katika mkondo wa Nungwi ikienda Pemba, nilipita viwanja vya Maisara. Maiti zimelazwa chini ya mahema, watu wanafunua shuka moja baada ya nyingine wakitafuta uso wanaoujua. Mzee mmoja alifunua, akafunika, akasonga mbele, kisha akarudi pale pale akafunua tena. Nilimsikia mtu akimwambia kazi ya Mungu haina makosa, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeshayatamka maneno hayo kwa wafiwa tangu asubuhi. Ni maneno ya kweli. Lakini aliyeruhusu abiria wapande mpaka meli ikalemewa, yeye ana makosa, na hana haki ya kujificha nyuma ya maneno hayo.

Sasa niambieni: ikiwa kombe la 2022 ni malipo ya penalti ya 2002, malipo ya Le Joola ni yapi?

Swali hili wazee wetu wa elimu walilizozania zamani sana. Wanatheolojia wa Mu'tazila walisema uadilifu wa Mungu unamlazimu kumfidia mja kwa kila maumivu yasiyo ya haki. Inasimuliwa kwamba Abul-Hasan al-Ash'ari, aliyekuwa mwanafunzi wao, alimuuliza mwalimu wake al-Jubba'i habari ya ndugu watatu: mmoja alikufa mcha Mungu, mmoja kafiri, mmoja mtoto mdogo. Mtoto akilalamika kwamba hakupewa umri wa kutenda mema? Mwalimu akajibu: ataambiwa Mungu alijua angekua muovu, basi akamchukua mapema kwa maslahi yake. Al-Ash'ari akauliza: na yule kafiri akipiga kelele kutoka motoni, mbona mimi sikuchukuliwa mdogo? Mwalimu akakosa jibu, na mwanafunzi akaihama madhehebu.

Sisi Mashafii wa Unguja tumelelewa upande wa al-Ash'ari, na Wamaliki wa Senegal kadhalika. Inanishangaza basi kwamba tukiwasha televisheni sote tunageuka Mu'tazila. Tunamfanya Mola kama mwenye duka mwenye daftari la madeni: huyu anadai, mlipe, yule kashalipwa, mfute.

Ukilifungua daftari hilo halisomeki. Kombe la Dunia kule Urusi mwaka 2018, Cissé alitolewa hatua ya makundi kwa sababu vijana wake walikuwa na kadi za njano mbili zaidi ya Japani. Mengine yote yalilingana. Deni gani hilo? Fainali ya Yaoundé dhidi ya Misri, Februari 6, 2022, Sadio Mané alikosa penalti dakika za mwanzo tu, baada ya Salah kwenda kumnong'oneza kipa wake, Gabaski. Zilipofika penalti za mwisho, Mané akapewa ya kumalizia, akafunga, 4-2. Upande wa pili Mohamed Abdelmonem aligonga mwamba na Mohanad Lasheen akapanguliwa na Mendy, kipa wa Senegal. Mama zao nao waliomba dua. Au Lasheen aliumbwa ili Cissé alipwe? Na mwanzoni mwa 2024 Senegal, mabingwa watetezi, walitolewa na wenyeji Ivory Coast kwa penalti hizo hizo. Oktoba mwaka huo Cissé hakuongezewa mkataba. Ikiwa kombe lilikuwa malipo, basi mlipaji alirudi kuchukua chenji.

Ninachokiona cha Cissé mwenyewe, alichokichuma, kiko kwingine. Masheikh hukiita kasb: tendo huumbwa na Mola, mja huliendea kwa nia yake, na kwa hiyo nia ndiyo anayoulizwa. Pale Bamako, penalti ya mwisho, yeye alikwenda. Alikabidhiwa timu ya taifa mwaka 2015, akafungwa na Algeria fainali ya 2019 kule Cairo, baada ya kutufunga sisi Taifa Stars mbili bila na Harambee Stars tatu bila, na wapo waliotaka aondoke. Akabaki kazini. Hilo ni chumo lake hata kama mpira wa Mané ungegonga mwamba Yaoundé.

Kijana mmoja hunibana hapo. "Kwa hiyo, maalim, Mané alipoweka mpira wewe hukuomba?"

Niliomba, tena kwa sauti. Kuomba ni haki yangu. Kudai risiti ndiko ninakokukataa. Machi 2025 Cissé alikwenda kuifundisha Libya, nikamwambia yule kijana atafute daftari jipya. Akacheka, akaniongezea kahawa, na hakukubali hata kidogo.