Mchoro Haujaisha Mpaka Aliyechorwa Auone

Mwombe mtu yeyote hapa Ulyankulu akuchoree baiskeli bila kuitazama. Baiskeli kwetu si kitu kigeni. Inabeba mkaa, inabeba madumu ya maji, inabeba tumbaku, na ikibidi inambeba mgonjwa hadi zahanati. Sasa mpe penseli uone. Magurudumu mawili atayachora bila shida, halafu ndipo kuhangaika kutakapoanza. Mmoja ataunga gurudumu la mbele na la nyuma kwa chuma kimoja kilichonyooka, baiskeli isiyoweza kukata kona milele. Mwingine atazungusha cheni kwenye magurudumu yote mawili. Mwaka 2006 mwanasaikolojia Rebecca Lawson wa Chuo Kikuu cha Liverpool alichapisha utafiti juu ya jambo hilihili, na huko Uingereza nako watu walikosea namna hiyohiyo, vyombo ambavyo wameviona tangu utotoni.

Nimeanza na baiskeli kwa sababu kila kijana anayejifunza kuchora huniambia neno moja: “Mkono wangu mzito.” Mkono wako si mzito, ndugu yangu. Mkono huohuo unaandika jina lako kwa mwandiko unaosomeka, unatunga uzi kwenye sindano, unapanda mbegu moja moja shimoni. Tatizo liko kwingine. Kila unapoinama kuchora, kichwani kuna picha iliyokwisha kuwa tayari, na hiyo picha inawahi kufika kwenye karatasi kabla ya kitu chenyewe. Jicho la mtu linatoka umbo la samaki. Mti unatoka kama mwavuli. Nyumba inatoka na paa la pembetatu na jua limekaa kwenye kona ya karatasi, hata kama siku hiyo kulikuwa na mawingu tangu asubuhi.

Kwa hiyo kujifunza kuchora, hatua ya kwanza kabisa, ni kujifunza kuiambia ile picha ya kichwani: subiri kwanza.

Zipo njia za kuisubirisha, na hazihitaji fedha nyingi. Penseli moja, raba, na daftari la mistari vinatosha. Mistari ya daftari haijawahi kumzuia mtu kuona. Njia ya kwanza aliifanya iwe maarufu Betty Edwards, mwalimu wa Marekani, katika kitabu alichokitoa mwaka 1979: chukua picha, igeuze juu chini, kisha iige hivyo hivyo ilivyopinduka. Uso uliopinduka haukuiti kwa jina lake. Husemi tena “hii pua.” Unaona mstari unaopanda kidogo, unapinda, unakutana na kivuli. Njia ya pili ni kuchora nafasi badala ya kitu. Kaa mbele ya bani la kukaushia tumbaku, usichore nguzo. Chora vipande vya mwanga vinavyoonekana kati ya nguzo. Vipande hivyo havina jina, kwa hiyo kichwa hakina picha yake ya akiba. Ukivichora sawasawa, nguzo zitajitokeza zenyewe. Njia ya tatu ni ya mzee Kimon Nicolaïdes, ambaye kitabu chake cha mafunzo kilitoka mwaka 1941: tembeza jicho polepole ukingoni mwa kitu, na penseli itembee kwa mwendo uleule, bila wewe kutazama karatasi hata mara moja. Mchoro utatoka wa ajabu, umepinda kama mtu aliyelala vibaya. Usijali. Zoezi hilo ni la jicho, mchoro ni mabaki tu.

Hapa mtu ana haki ya kupinga. Atasema: mbona Sam Ntiro hakuchora hivyo? Ntiro, mtoto wa Kilimanjaro aliyesoma na kufundisha Makerere, alichora maisha ya kijijini kwao kutoka kichwani, na mchoro wake wa mwaka 1956 wa wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku umo katika jumba la sanaa la MoMA, New York. Kweli kabisa. Lakini kuna kichwa na kichwa. Kichwani mwa Ntiro mlikuwa na migomba aliyokulia ndani yake, aliyoitazama mvua na kiangazi. Hiyo ni kumbukumbu. Ile baiskeli isiyokata kona si kumbukumbu, ni mazoea. Kumbukumbu inatoka kwa kitu. Mazoea yanatukaa badala ya kitu. Anayeanza hana budi kujaza ghala kwanza, ndipo baadaye achote.

Sasa niulize swali lililonifanya niandike makala hii. Je, hili ni suala la ufundi tu, au lina uzito wa kimaadili? Kukosea baiskeli hakumdhuru mtu. Kumkosea mtu je?

John Ruskin, mwandishi wa Kiingereza, alitoa kitabu chake cha kufundisha wanaoanza kuchora mwaka 1857. Alisema wazi kwamba nia yake si kuwafundisha watu kutazama ili wajue kuchora. Anawafundisha kuchora ili wajue kutazama, na wakipende wanachokitazama. Mwaka huohuo, mwezi Novemba, Waingereza wengine wawili, Richard Burton na John Speke, waliingia Kazeh, Tabora yetu ya leo, kwa njia ya misafara iliyotoka pwani. Mabegani mwa wapagazi wao zilikuwamo nguo na shanga. Mikononi mwao wenyewe, kalamu na madaftari. Tangu hapo nchi hii ya Unyamwezi imechorwa sana na wageni, kwa wino na kwa maneno. Swali la Ruskin ni halali kwao wote: walichora ili waone, au walikwisha kuona kabla ya kuchora?

Mtazame Stanley. Mwaka 1871 alifika Tabora akimtafuta Livingstone, akawakuta Waarabu vitani na Mtemi Mirambo, naye akajiunga nao. Mirambo mwenyewe hakumtia machoni. Hata hivyo, katika kitabu chake cha mwaka 1872 Mirambo yumo, tena kama jambazi wa mwituni. Ile ilikuwa picha ya kichwani. Aprili 1876, katika safari yake ya pili, Stanley alikutana na Mirambo ana kwa ana. Akaona mtu wa miaka kama 35, mrefu, asiye na nyama ya ziada mwilini, sura nzuri, sauti ya upole, mwenendo wa unyenyekevu. Akaandika kwamba mtu huyu ni kinyume kabisa cha alichotarajia. Wakachanjiana udugu wa damu. Mirambo hakuwa amebadilika kwa ajili ya mgeni. Kilichobadilika ni kwamba safari hii Stanley alitazama.

Mwanafalsafa Iris Murdoch ana mfano wa namna hii katika kitabu chake cha mwaka 1970, The Sovereignty of Good, na mfano wenyewe utadhani umetoka kwenye ua wa nyumba ya huku kwetu. Mama mkwe anamwona mke wa mwanawe kuwa hana adabu, ana makelele, mambo ya kitoto. Kwa nje anamtendea vizuri, hakuna jirani anayejua. Lakini moyoni anajiambia: huenda mimi ndiye mwenye kinyongo, hebu nimtazame tena. Anamtazama tena, na tena, kwa haki. Polepole anaona kwamba yale makelele ni uchangamfu, na ule utoto ni unyofu. Mkaza mwana ni yuleyule. Murdoch anauliza: je, huyu mama hajafanya kitendo? Anajibu kwamba amefanya, tena kitendo cha wema, ingawa hakunyanyua hata kidole. Mimi naongeza tu kwamba anayeanza kuchora hufanya kitendo hicho kila anapoinua macho kutoka kwenye karatasi. Hebu nitazame tena.

Hadi hapo mambo yanapendeza. Ningeweza kumalizia hivi: chora, utakuwa mtu mwema. Lakini historia hairuhusu. Stanley yuleyule aliyemwona Mirambo vizuri alirudi Afrika mwaka 1879 akiwa mtumishi wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, akamfungulia njia ya Kongo, na yaliyowapata watu wa Kongo chini ya mfalme huyo yanajulikana. Mirambo alifariki Desemba 1884, wakati wakubwa wa Ulaya wameketi Berlin wakijadili bara lake. Basi kuona vizuri peke yake hakutoshi. Hata mwindaji humwona swala vizuri.

Kilikosekana nini? Nimelifikiria jambo hili muda mrefu, na jibu nililipata kwa mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha pili ambaye penseli yake haitulii.

Siku ya gulio alikaa kando ya bibi mmoja anayeuza karanga kwa kopo, akaomba ruhusa amchore. Bibi huyu ni mmoja wa waliokuja kutoka Burundi mwaka 1972 wakikimbia mauaji, wakapewa msitu huu waufyeke wawe na makazi. Watu wa namna yake wamechorwa sana. Kwa zaidi ya miaka 35 waliitwa wakimbizi, hata watoto waliozaliwa hapa, hata wajukuu. Serikali ilipofungua mlango wa uraia, watu zaidi ya 160,000 wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo waliupata, na vyeti vikaanza kutolewa mwaka 2014. Lakini cheti hakifuti picha ya kichwani. Sema “bibi mkimbizi” na kila mtu anayo picha yake tayari: kitenge kilichochakaa, macho ya huzuni, mkono shavuni.

Mpwa wangu akachora muda mrefu. Mchoro ulikuwa mzuri, niseme ukweli. Kwa aliyeanza mwaka huo, mzuri sana. Makunyanzi yote yalikuwapo. Alipomaliza, akampa bibi daftari kwa mikono miwili.

Bibi akalisogeza mbali na macho, akalitazama. Akasema, “Mjukuu wangu, huyu analia.”

“Hapana bibi, halii, ni vile ulivyokuwa umeinama.”

“Sikuwa nalia mimi. Nilikuwa nahesabu hela.”

Akacheka, na wauza nyanya wa jirani wakacheka. Akamwonyesha: vidole vinavyokunjwa kimoja kimoja, midomo inayotembea kidogo, jicho moja kwenye makopo lisije kopo likaondoka bila kulipiwa. Kijana akafungua ukurasa mwingine. Mchoro wa pili ulikuwa na kasoro nyingi kuliko wa kwanza, sikio limekaa juu mno, kopo limelala. Lakini ukiutazama unajua huyu bibi ana hesabu zake na hatadhulumiwa shilingi. Alipoonyeshwa, alisema tu, “Haya. Huyu ananidai karanga.” Akampimia.

Hicho ndicho kilichokosekana kwa Stanley na kwa wengi waliotuchora. Mirambo hakupewa kitabu cha mwaka 1872 aseme, “Huyu si mimi.” Wala cha baadaye aseme, “Hapa umepatia.” Michoro ilipanda meli ikaenda kwa wasomaji ambao hawakuwa na njia ya kuisahihisha. Kutazama kwa makini ni nusu ya haki. Nusu ya pili ni kumpa uliyemtazama nafasi ya kukujibu.

Na hapa ufundi na maadili vinakutana, maana aliyechorwa ndiye mwalimu mzuri kuliko wote. Mwalimu wa sanaa atakuambia kivuli hakijakaa. Rafiki atakuambia umetisha. Bibi wa karanga atakuambia ulichoacha kuona. Hakuna zoezi la kitabuni linaloweza kukupa hilo, liwe la mwaka 1941 au la 1979.

Kwa hiyo, wewe unayeanza, ushauri wangu ni mfupi. Chora kitu kimoja mara kumi kabla ya kuchora vitu kumi. Tazama kitu zaidi ya unavyotazama karatasi. Anza na vitu ambavyo havitaudhika: dumu, jembe, mzinga wa nyuki juu ya mti, baiskeli, na safari hii iweke mbele yako ikiwa imesimama. Ukifika kwa watu, omba ruhusa. Tarehe iandike, ukurasa usiuchane hata kama umetoka vibaya, maana ndio utakaokuonyesha ulikotoka.

Na ukimaliza kumchora mtu, usifunge daftari. Mgeuzie, mpe muda atazame, unyamaze. Akisema “huyu si mimi,” usianze kujitetea. Muulize, “Ni wapi?” Halafu chonga penseli.