Kiti cha Mbele na Kidari cha Mzee

Nina kadi ya rangi ya dhahabu ya shirika moja la ndege. Sikuinunua. Imekuja kwa kusafiri sana kikazi, tena kwa tiketi alizolipa mwajiri. Kadi hii inanipa foleni fupi, kilo za ziada za mizigo, na siku ambazo nafasi za mbele zimebaki wazi nahamishiwa huko bila kuongeza hata shilingi. Wenyewe wanasema ni heshima kwa mteja mwaminifu. Najiuliza: heshima ya aina gani?

Tuanzie ilikotoka. Mwaka 1978 serikali ya Marekani iliamua kuacha kuyapangia mashirika ya ndege nauli na njia. Ushindani ukawa mkali, na mwaka 1981 American Airlines wakaanzisha mpango wa kuhesabu maili za abiria na kumzawadia. Wengine wakafuata. Leo, kati ya wageni wanaoshuka KIA kuja kupanda Mlima, wamo wenye daraja la fedha, la dhahabu, la platinamu. Ni biashara, na mfanyabiashara kumbembeleza mteja wake si dhambi.

Wala sina ugomvi na anayelipa zaidi ili akae vizuri zaidi. Hata mabasi ya Moshi kwenda Dar yana daraja la kawaida na daraja la kati, LATRA wanapanga nauli, na kila mtu anajua bei ya kiti chake. Kinachonikera ni fadhila ya kibiashara kuvaa joho la heshima.

Maana heshima tunaijua bwana. Panda Hiace ya Kibosho jioni, imejaa mpaka mlangoni. Bibi akiingia na kikapu chake, kijana anainuka. Hakuna anayeuliza bibi amepanda mara ngapi mwaka huu. Kiti kinafuata magoti.

Lakini tusidanganyane kwamba huku mlimani watu wote ni sawa. Desemba, Wachaga tukisharudi nyumbani na mbuzi akachinjwa, nyama ina mgawanyo wake, na kidari ni cha mzee. Huo nao ni upendeleo, tena wa wazi. Ila kidari kikishafika mkononi mwa mzee, ni chake kweli. Anaweza kukata kipande akampa mjukuu aliyemkodolea macho, na akifanya hivyo heshima yake inaongezeka.

Mwaka juzi nilisafiri nje na mama yangu. Ana miaka sabini na kitu, na magoti yake yamechoka kwa kupanda na kushuka miteremko na ndoo, majani ya ng'ombe, mikungu ya ndizi. Daraja la kawaida, kutoka kiti hadi kiti, ni kama sentimita 80 hivi, na safari ilikuwa ya usiku kucha. Kabla hatujaondoka, nikaitwa mbele. Nikaomba aende mama, mimi nibaki. Mhudumu akajibu kwa adabu kabisa: haiwezekani, nafasi imetolewa kwa jina langu.

"Nenda mwanangu," mama akasema. "Si wamekuita wewe?"

Nilibaki pale pale. Usiku kucha alikuwa akinyoosha mguu mmoja kwenye njia, akiukunja kila mtu alipopita.

Najua ipo mipango inayoruhusu kumpa ndugu nafasi yako, na hiyo naisifu. Lakini heshima ambayo siwezi kumpisha mama yangu haijawahi kuwa yangu. Ni mali ya aliyenipa, na mimi ni mahali pa kuiweka tu. Kwa hiyo siku hizi, popote ninapopewa upendeleo, iwe ofisini, benki au kanisani, nauliza kwanza kama naweza kumpisha mwingine. Nikiweza, nimeheshimiwa. Nisipoweza, nimehesabiwa tu.