Kikapu Kisichojaa

Soma kwa Ajili ya Somo Hili: Kum. 8:7–14, Kum. 26:1–11, Law. 23:22, Kum. 16:13–15.

Fungu la Kukariri: Kumbukumbu la Torati 26:11.

SABATO MCHANA

Mwezi Juni unapoingia, mvua huwa imekwisha katika nyanda za juu za Kigoma. Kutoka Kasulu hadi Kibondo majani ya mahindi yamekauka, na asubuhi kuna baridi ya kuwafanya watoto waote moto kabla ya kwenda kuchota maji. Uani maharage yameanikwa. Baba anayapiga kwa fimbo, mama anapepeta kwa ungo, makapi yanachukuliwa na upepo. Jioni ugali wa muhogo unaliwa kwa maharage mapya, yale yanayoiva upesi kwa kuwa hayajakaa ghalani. Viazi vitamu vimefukiwa katika majivu ya moto. Baada ya kula, bibi anachagua mbegu: punje nzima zinaingia chunguni, zilizotobolewa na wadudu zinawekwa kando.

Hakuna anayeyaita mambo haya sikukuu. Lakini majuma machache baadaye kanisa litakuwa na Sabato ya mavuno, kisha makambi, na kila familia itakuja na sadaka ya shukrani. Somo hili linauliza: je, shukrani huanzia mbele ya mimbari, au huanzia jikoni?

JUMAPILI: Kula, Kushiba, Kukumbuka

Soma Kumbukumbu la Torati 8:7–14. Ni mambo gani matatu yanayofuatana katika aya ya 10? Ni hatari gani inayotajwa baada yake?

Musa aliwaeleza Israeli juu ya nchi yenye ngano, shayiri, mizabibu na asali. Asali hiyo inaeleweka vizuri Kibondo, ambako mizinga hutundikwa juu ya miti porini. Hakuwaambia waone haya kufurahia vitu hivyo. Aliwaambia wale, washibe, kisha wamhimidi Bwana. Chakula kilichofurahiwa ni mwanzo wa ibada. Hatari haimo katika kushiba. Imo katika kusahau, pale mtu anapoitazama ghala yake na kusema moyoni kwamba ni mikono yake tu iliyoijaza.

Huko Marekani Siku ya Shukrani huadhimishwa Alhamisi ya nne ya Novemba, baada ya mavuno yao, majani ya miti yanapopukutika. Mwezi huohuo Kasulu mvua imeanza, chakula ghalani kimepungua, na mbegu zile alizozichagua bibi zinaingia udongoni. Majira hayafanani, bali agizo la kukumbuka ni lilelile. Mkulima anayemshukuru Mungu mwezi Juni akiwa na maharage mkononi anaitwa kumshukuru pia Novemba, akiwa na tumaini tu.

Ni furaha gani ndogo ya nyumbani kwako juma hili ambayo bado hujamshukuru Mungu kwa ajili yake?

JUMATATU: Kikapu na Mgeni

Soma Kumbukumbu la Torati 26:1–11. Mwenye kikapu anakiri nini juu ya baba yake? Ni akina nani wanaotakiwa kufurahi pamoja naye?

Fikiria familia moja katika kijiji cha Kasulu. Mwezi Aprili mtoto aliugua, na baba akauza nusu ya maharage yakiwa bado shambani, kwa bei aliyoitaka mfanyabiashara. Mavuno yalipofika, mwenye mali alichukua mali yake. Yakabaki magunia mawili. Jioni ile kijana akauliza, “Baba, mwaka huu nasi tutapeleka kikapu?” Baba akanyamaza. Bibi, aliyekuwa akichagua mbegu, ndiye aliyesema.

“Mwanangu, umekula?”

“Nimekula, mama.”

“Umeshiba?”

“Nimeshiba.”

“Basi kikapu kipo. Ukubwa wake ndio hatujaujua.”

Torati haitaji kipimo cha kikapu. Inataja maneno ya kusema mbele zake. Mwabudu haanzi kwa kulisifu shamba lake. Anaanza kwa kukiri kwamba baba yake alikuwa mtu wa kutangatanga, asiye na kwake. Anayekumbuka hivyo hawezi kumfungia mgeni mlango.

Kasulu na Kibondo mgeni wa aya ya 11 si mtu wa kufikirika. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilianza kupokea Wakongo mwaka 1996. Mwaka 2015 Warundi wengi walifika huko na katika kambi ya Nduta, Kibondo. Kirundi na Kiha vinakaribiana sana, hata mgeni akieleza msiba wake mwenyeji anauelewa bila mkalimani. Mambo ya Walawi 23:22 inamwachia maskini na mgeni pembe za shamba. Kumbukumbu 26:11 inakwenda mbali zaidi: inamketisha mgeni penye furaha. Kumpa masazo ni jambo moja. Kumkaribisha chunguni ni jingine.

Familia ile ilipima kikapu kidogo kwa ajili ya Sabato ya mavuno. Lakini kabla ya siku hiyo mama aliongeza maharage ya mtu mmoja katika chungu cha jioni, akamtuma mtoto kwa mjane jirani. Shukrani ilikuwa imekwisha kuanza.

MASWALI YA KUJADILI

1. Mavuno yakiwa haba, ni nini kinachoweza kumzuia mtu kutoa: uhaba wenyewe, au aibu ya kuonekana na kikapu kidogo? Kanisa linawezaje kuiondoa aibu hiyo?

2. Soma Kumbukumbu la Torati 16:13–15. Linganisha orodha ya wanaofurahi na watu waliokula nyumbani kwako mwezi huu. Ni nani anayekosekana?

3. Familia inayouza mazao yakiwa shambani kwa sababu ya ugonjwa inahitaji zaidi ya maombi. Darasa lenu la Shule ya Sabato linaweza kufanya nini kabla ya msimu ujao?