Ombi na Uhuru wa Kukataa

Kumwomba mtu mtoko ni jambo dogo kwa sura, lakini limebeba swali zito la maadili: ombi la mapenzi huwa la haki lini? Ombi huwa la haki pale anayeombwa anapoweza kukataa bila kuumizwa. Asipokuwa na nafasi hiyo, ameamriwa, hata kama maneno ni matamu.

Katika Mbeya na Iringa, nafasi hiyo hulindwa na mshenga. Mwenye nia ya kuoa humtuma mtu mzima anayeaminika apeleke barua ya posa. Wazee wakiipokea, humwita binti na kumuuliza kama anamfahamu mwenye barua. Akikataa, jibu humfikia mshenga kwanza, na hakuna anayeaibika uso kwa uso. Udhaifu wa utaratibu huu hujitokeza pale wazee wanapomjibia binti. Monica Wilson, aliyefanya utafiti kwa Wanyakyusa wa Rungwe miaka ya 1930, alikuta wasichana wakichumbiwa kwa ng'ombe wangali watoto.

Dini nazo zimelikabili swali hilo. Katika Mwanzo 24, mtumishi wa Ibrahimu anakwenda kuposa kwa niaba ya Isaka, lakini Rebeka anaulizwa mwenyewe kama atakwenda. Wamoraviani, waliofika Rungwe mwaka 1891, zamani huko Ulaya walipiga kura kutafuta mapenzi ya Mungu juu ya ndoa. Sinodi yao ya 1818 iliondoa sharti la kura kwa waumini wa kawaida. Uislamu humtaka walii, yaani msimamizi wa binti katika ndoa, atafute ridhaa yake, na hukataza kuposa juu ya posa ya mwingine. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 nayo inadai hiari ya wote wawili.

Mtoko wa vijana wa vyuoni hauna mshenga, hivyo mwombaji hubeba mwenyewe wajibu wa kulinda uhuru wa mwenzake. Humwomba faraghani, si mbele ya marafiki, hutaja siku, mahali na nia yake: “Jumamosi asubuhi tupande jiwe la Gangilonga, ningependa tufahamiane zaidi. Kama hupendi, niambie tu, hakuna ubaya.” Mhadhiri au bosi hamwombi aliye chini yake, kwa kuwa cheo chake kinaifanya hapana iwe ghali.

Jibu la kuzungushwa huchukuliwa kuwa hapana, na hapana haidaiwi sababu. Kulipokea jibu hilo bila kisirani ni sehemu ya ombi lenyewe.